Mifupa ya plastiki ya kufundishia umri na magonjwa: nimeitumia miezi minne, mrejesho wangu huu hapa

Wadau habari zenu, kuna watu wengi niliwaahidi mrejesho wa hii mifupa niliyonunua kwa ajili ya darasa na kila siku nasema kesho kesho, sasa leo nimekaa naandika yote kwa pamoja. Mi ni mwalimu chuo cha afya, nafundisha matabibu, na kabla ya hapo nilikaa wilayani miaka tisa natibu. Nilichonunua ni vitu vitatu: mtu mzima wa plastiki mwenye mifupa yote anayesimama kwenye stendi, seti ya vipande 12 vya mfupa wa kinena ya kukadiria umri, na seti ya vipande 7 vya mifupa yenye magonjwa. Jumla imekula kama milioni moja na laki nane na nusu, hela ya chuo na nyingine yangu mwenyewe, kwahiyo nina uchungu nayo na nitasema ukweli wote.

Kwanza mjue kwanini nilihangaika hivi. Nikiwa wilayani huko kanda ya kaskazini siku moja polisi walileta mifupa kwenye kiroba, wachungaji wameiokota bondeni, mvua imeifukua. Siku ile zamu yangu. Fomu inauliza jinsia, umri, sababu ya kifo. Nikamwaga ile mifupa kwenye meza nyuma ya mochwari nikaanza kuangalia, na kitu cha kwanza nilichokiona ni meno: yana rangi ya kahawia, yamelika, mengine yamemeguka pembeni kabisa. Nikaandika mwanaume, miaka 45 mpaka 50. Nikasaini. Aisee wakati huo kuna mama kijiji cha pili anamtafuta mwanae wa miaka 24, na kwasababu ya ile namba yangu hakuna aliyewaza kumuita yule mama. Alikuja kuitwa baada ya miezi saba, kwa sababu ya mkanda na kiatu.

Yale meno hayakuwa ya uzee, yalikuwa ya floridi, madini yanayokuwa kwenye maji. Maji ya huko kwetu bonde la ufa yana floridi nyingi, mtu anaota meno tayari yana madoa, gamba lake la juu dhaifu linabanduka mapema, kijana anaonekana mdomoni kama babu. Na kibaya zaidi jibu nilikuwa nimelishika mkononi. Mtulinga. Ile ncha ya ndani, inayokaa karibu na shimo la koo, ina kifuniko chembamba cha mfupa ambacho ndo cha mwisho mwilini kuungana, kinaanza kushika mwishoni mwa ujana na mara nyingi kinamalizika karibu na miaka 30. Mtulinga wa yule kijana ulikuwa bado na uso wa mawimbi mawimbi, kifuniko hakijashika vizuri. Mtu wa miaka 45 hawezi kuwa na mtulinga wa hivyo. Mi niliuweka pembeni nikaendelea kuhesabu mbavu.

Kwahiyo nilipohamia kufundisha nikasema wanafunzi wangu hawatatoka hapa bila kushika hivi vitu kwa mikono yao. Mifupa halisi ya binadamu kwa chuo chetu haipatikani, na hata ikipatikana ina heshima yake na taratibu zake, hivyo ni plastiki na resini.

Tuanze na huyu mtu mzima wa plastiki. Urefu kama sentimita 170, mikono na miguu inachomoka, taya linafunguka, kichwa kina spring. Kwa kufundisha majina ya mifupa yuko vizuri sana, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanampenda, na plastiki yake ni ngumu, ameanguka mara mbili hajapasuka. Bei laki sita na nusu naona ni ya haki. Lakini kwa umri huyu hafai kabisa, na nilikaa na yeye wiki nzima ndo nikaelewa ni kwanini. Sehemu zote ambazo umri unasomwa zimefunikwa! Pale mifupa miwili ya kinena inapokutana mbele wameweka kipande cha mpira mweupe wakaganda kwa gundi. Ncha ya mbele ya ubavu wa nne, ambayo kwa kijana ni bapa na kwa mzee inachimbika kama kikombe chenye kingo kali, imeshaunganishwa na gegedu la plastiki. Kiungo cha nyuma kati ya nyonga na uti wa mgongo kimekazwa na skrubu. Mtulinga umegandishwa kifuani. Mishono ya fuvu imechorwa tu kama mistari ya kalamu, ingawa hiyo mishono hata kwenye fuvu la kweli sikushauri uitegemee, kuna watu wa miaka 30 imefunga na wa 70 iko wazi.

Yaani huyu mtu hana umri. Ametengenezwa awe mzima, meno yote 32, hakuna kidonda hakuna kuvunjika, kulia na kushoto sawasawa. Hakuna binadamu wa hivyo.

Sasa hii seti ya vipande 12, hapa ndo nilipofurahia na ndo nilipokasirika. Ni nakala za mfumo wa kukadiria umri wa watafiti Suchey na Brooks wa mwaka 1990, waliotumia mifupa ya kinena ya watu waliofanyiwa uchunguzi wa maiti kule Los Angeles, watu ambao umri wao ulikuwa unajulikana. Hatua ziko 6 na kila hatua ina vipande viwili, kimoja cha mwanzo wa hatua kimoja cha mwisho. Uso wenyewe unaousoma ni mdogo, kama sentimita 4 hivi kwa urefu. Ukishika kipande cha hatua ya 1 unaona matuta, kabisa kama shamba la viazi lililolimwa jana, tuta na mfereji tuta na mfereji kuanzia juu mpaka chini. Pitisha ukucha unakwama. Hatua ya 2 na ya 3 matuta yanaanza kufutika, na upande wa mbele kunajengeka ukingo. Hatua ya 4 uso umeshalainika sehemu kubwa, ukingo unakaribia kuzunguka wote. Hatua ya 5 ukingo umekamilika na ndani kumebonyea kidogo. Hatua ya 6 sasa ukingo umevunjikavunjika, uso una vitundu kama mkate uliochachuka, huo ndo uzee.

Nakala zenyewe ubora wake mzuri, nasema kwa dhati. Nilikuwa na wasiwasi kwamba resini itakuwa imeziba vitu vidogo lakini matuta ya hatua ya 1 yanasikika kidoleni hata ukifumba macho, na mimi huwa nawafumbisha macho kweli, nampa mwanafunzi kipande namwambia niambie bila kuangalia ni kijana au mzee. Wiki ya kwanza wanabahatisha, wiki ya tatu kumi na sita kati ya wanafunzi ishirini wanapatia kati ya hatua ya 1 na ya 6. Shida inakuja katikati, 3 na 4 wanachanganya, na hata mi nachanganya.

Kilichonikasirisha ni karatasi iliyokuja na seti. Kila kipande kimeandikiwa namba moja. Hatua ya 4: miaka 35. Basi, nukta. Huo ni wastani tu jamani, wastani wa wanaume ni 35.2, lakini watu waliokutwa na hatua hiyo kwenye utafiti wenyewe walianzia miaka 23 mpaka 57! Hatua ya 1 ni 15 mpaka 23, hiyo imebana vizuri. Ya 2 ni 19 mpaka 34. Ya 3 ni 21 mpaka 46. Ya 5 ni 27 mpaka 66, ya 6 ni 34 mpaka 86. Angalia zinavyolaliana, mtu wa miaka 30 anaweza kuwa hatua ya 2, ya 3, ya 4 au ya 5. Sasa unampa kijana anayejifunza karatasi inayosema 35, kesho yuko wilayani na kiroba mezani, ataandika 35, na mama yuleyule atakaa miezi saba tena. Ile karatasi nimeichana. Nimekata stika nimeandika mwenyewe kwa peni ya maki nimebandika chini ya kila kipande, namba mbili mbili, wa chini na wa juu, wastani sijauandika kabisa.

Alafu seti ni ya wanaume tu. Nilipouliza duka wakasema inatosha kwa wote, hapana haitoshi. Wanawake wana vipande vyao 12 na miaka yao, hatua ya 5 kwa mwanamke inaanzia 25 mpaka 83, ukitumia ya kiume kwa mfupa wa mwanamke unapotea. Seti ya kike wameniambia wanaagiza kwa oda, bei ileile ya hii ya kiume, laki nne na themanini, bado najichanga.

Mtu atauliza, sasa mbona mnajisumbua na kitu chenye wigo wa miaka 34? Kwasababu hukisomi peke yake. Unasoma kinena, unasoma ncha za mbavu, unasoma kiungo cha nyuma cha nyonga, unaangalia mtulinga, unaangalia ukingo wa juu wa nyonga ambao umeshaungana mtu akiwa mwanzoni mwa ishirini, kila kimoja kinakata kidogo. Kwa watoto kazi ni rahisi zaidi maana meno yana ratiba yake, gego la kwanza la ukubwani linatoka karibu na miaka 6, la pili 12, na mizizi inaendelea kukua kwa mpangilio. Kadiri mtu anavyozeeka ndo mfupa unavyokuwa mbishi.

Hata kwa watoto kuna mtego lakini. Niliwahi kufika makumbusho ya Nairobi nikamuona mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa binadamu wa kale aliyeishi miaka karibu milioni moja na nusu iliyopita, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 pale Nariokotome, Kenya. Ukisoma mifupa yake kwa vipimo vya watoto wa leo unapata kama miaka 11 mpaka 13, ukisoma jinsi meno yake yalivyojijenga ndani unapata kama 8. Mtoto mmoja, majibu mawili, kwasababu wale binadamu wa kale hawakuwa wanakua kwa kasi yetu. Nilisimama pale muda mrefu sana, mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa.

Haya magonjwa. Seti ya vipande 7, laki saba na ishirini, na hapa thamani inatofautiana sana kipande kwa kipande.

Bora kuliko vyote ni uti wa mgongo wa TB. Pingili nne, mbili za katikati miili yake ya mbele imeliwa imebaki kama kipande cha muwa uliotafunwa, lakini matao ya nyuma yamebaki mazima, kwahiyo uti umekunja kwa mbele umetoka nundu nyuma. Ni kile kibyongo alichokieleza Percivall Pott wa Uingereza mwaka 1779. Yeyote aliyewahi kumuona mtoto mwenye nundu ya ghafla mgongoni akishika hiki kipande anaelewa kwa sekunde moja kwanini miguu ilikuwa inakufa ganzi. Wametengeneza vizuri kiasi kwamba unaona mfupa umeliwa bila kujengwa mpya, na hiyo ndo alama ya kutafuta.

Ila karatasi imeandika TB, nukta. Tena! Darasani lazima niongezee brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, maana huku kwetu wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi wanaipata, na nayo inakaa kwenye pingili, hasa za kiunoni. Tofauti ni kwamba brusela inapenda kula kona ya juu ya mbele ya pingili na mfupa unajibu kwa kujenga mwingine pembeni, mara chache inabomoa mpaka uti ukunje. Duka likileta pingili ya brusela nitainunua siku hiyohiyo.

Cha pili kwa ubora ni mfupa wa paja wenye usaha. Umevimba, ganda jipya la mfupa limezunguka lile la zamani lililokufa, na kuna tundu la kutolea usaha. Nilifanya jaribio dogo ambalo nakushauri ulifanye dukani kabla hujalipa: chukua kijiti cha meno ingiza kwenye tundu. Kwangu kiliingia sentimita mbili mpaka kikagusa mfupa mfu uliopo ndani. Nakala mbovu tundu linakuwa limezibwa na resini, ni doa tu, na mwanafunzi hatajua kwamba pale palikuwa panatoka harufu miezi na miaka.

Uso wa ukoma uko vizuri. Kile kimwiba kidogo kilichopo chini ya tundu la pua kimeyeyuka, kingo za pua zimekuwa duara, mfupa unaoshika meno ya mbele ya juu umerudi nyuma. Hizo alama zilielezwa vizuri na Vilhelm Møller-Christensen, daktari wa Denmark aliyefukua makaburi ya hospitali ya wakoma ya zamani pale Næstved. Hawakuweka mguu lakini, na mguu ndo unaonyesha vidole vilivyochongoka kama penseli. Pengo kubwa hilo.

Muundi uliopinda kama upanga wameuita kaswende. Inaweza kuwa. Inaweza pia kuwa buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi, na wazee wetu wengi waliugua buba utotoni, muundi unavimba na kupinda vilevile. Mfupa peke yake hautakutenganishia hayo mawili, nimeongeza stika hapo pia.

Muundi wa matege sawa, hauna tatizo. Tundu la jicho lenye vitundu vya upungufu wa damu limepakwa rangi nzito mpaka vitundu nusu vimeziba, nimevizibua na sindano jioni nzima. Goti lililosuguana, pale ambapo gegedu limeisha na mfupa umekutana na mfupa mpaka unang'aa kama sahani ya kauri, wamelipaka rangi isiyong'aa! Mng'ao ndo alama yenyewe. Nilichukua rangi ya kucha isiyo na rangi ya mke wangu nikapaka sehemu mbili, sasa linang'aa inavyotakiwa, na mistari ya msuguano inaonekana ukilielekeza dirishani.

Kuna kitu seti yoyote haiwezi kuuza na nakisema kila mara nikifungua hili boksi. Malaria kali inaua kwa siku chache, kipindupindu kwa saa, na mifupa inabaki safi kabisa. Mfupa unachukua wiki na miezi kujibu, kwahiyo mwenye alama ni yule aliyeugua akaishi nayo muda. Hata kwa wagonjwa wa TB, wanaopata ile ya kwenye mifupa ni wachache. Mwanafunzi akiniandikia hakuna alama kwahiyo marehemu alikuwa mzima nampunguzia maksi. Hakuna alama maana yake hakuna alama.

Huduma sasa. Duka sitalitaja, liko Dar. Mzigo ulikuja kwa basi, boksi la magonjwa limefungwa vizuri na sponji, la mtu mzima lilifungwa ovyo mkono wa kushoto ukafika umechomoka na skrubu moja imepotea, walinitumia nyingine baada ya siku kumi na moja na kupigiwa simu nyingi. Yule dada wa mauzo ni mstaarabu, nilimtumia picha ya ile karatasi na stika zangu, nikamuandikia miaka yote ya chini na ya juu kwa hatua zote 6 ili waichape upya. Alijibu, kaka hatukujua, mzigo unakuja hivyo hivyo toka kiwandani. Wiki iliyopita kanitumia picha ya karatasi mpya, namba ziko mbili mbili. Ya kiume tu lakini, nimemtumia na za kike.

Kama unanunua: mtu mzima mchukue kwa majina ya mifupa, umri usimuulize. Seti ya kinena nunua hata ukikopa, ila chukua zote mbili na ulizia karatasi mpya. Seti ya magonjwa kama duka linakubali kuuza kimoja kimoja chukua uti wa TB, paja la usaha na uso wa ukoma, vingine subiri. Na mitulinga, jamani, mitulinga ya vijana hakuna anayeuza Dar niliyemuona, ukijua inapopatikana niandikie, nataka mitano, kuanzia ule usioungana mpaka uliofunga kabisa.